Bango la Mzee Vallabh Si Mirathi

Sogeeni karibu, wanangu. Soud, zima hiyo televisheni, baba, timu yako itafungwa vilevile hata usipoiangalia. Miska, kaa hapa miguuni kwangu, lakini usiikalie miguu yenyewe, maana imevimba kama mikate ya mofa na daktari kasema haiguswi. Mama yenu Sheikha yuko jikoni anajifanya anakosha vyombo. Mwacheni. Anasikiliza, nusu saa sasa anaikosha sufuria moja.

Mimi, Hafidh bin Soud, mzaliwa wa Malindi, Unguja, mkaazi wa Thornton Heath hapa London, nasema haya Jumapili ya mwezi wa Machi, mwaka elfu mbili na tatu, nikiwa na akili zangu zote, kama ziliwahi kuwa nyingi, na umri wa miaka hamsini na saba, ambao kwa kweli si umri wa kukalisha watu kitako na kuwausia. Wenzangu wa umri huu ndio kwanza wananunua viatu vya kukimbilia. Lakini moyo wangu, kwa mujibu wa yule daktari kijana mwenye hereni, umebakiza nguvu ya robo, na robo yenyewe naimaliza nikipanda ngazi kwenda chooni. Nimechoka, wanangu. Nimechoka mifupa, nimechoka dawa, nimechoka kuulizwa na kila mgeni najionaje, nikamjibu najiona kitandani. Na upo uchovu mwengine, wa miaka saba, usio wa maradhi. Huo ndio niliokuitieni.

Nianze na mepesi. Nikifa, nizikeni hapa hapa London. Msinisafirishe. Nimekwenda Maskati, Dubai, Copenhagen, Portsmouth, na kila nilipofika walinifungua begi. Sitaki na sanduku langu la mwisho lifunguliwe na mtu mwenye glavu aulize ndani mna nini. Baada ya mazishi mnaujua utaratibu, na kama hamuujui muulizeni sheikh: madeni yalipwe, amana za watu zirudi kwa wenyewe, wosia utekelezwe, ndipo kinachobaki kigawiwe. Mama yenu ana thumni yake. Soud ana mafungu mawili, Miska fungu moja, na usinikunjie uso, Miska, si mimi niliyepanga. Ndiyo maana sanduku la spana na pikipiki ya bandani nilikupa nikiwa mzima, mbele ya mama yako, nikakutia na ufunguo mkononi. Ndiyo, Soud, najua haiwaki. Zawadi ni zawadi.

Sasa sikilizeni mazito. Kile chumba cha nyuma, pamoja na chini ya kitanda hiki, kuna mabango sitini na moja ya matangazo ya pikipiki za kale. Yule bwana wa nyumba ya mnada aliyekuja Jumatano kuyapiga picha anarudi kesho kuyachukua yote yakauzwe, na wewe Soud umeshatia sahihi kwa niaba yangu. Nakwambia mbele ya dada yako: achukue sitini. La sitini na moja, lile alilolisimamia muda mrefu mpaka chai ikampoa, si langu. Halikuwa langu hata siku moja. Ni amana, na mimi ndiye niliyeila.

Subiri, baba. Utasema. Kwanza niache nimalize, maana nikikatizwa pumzi hairudi pale ilipokuwa.

Mmekua na mabango yale mkiyachukia kwa harufu ya gundi, na hamkuniuliza hata mara moja yametoka wapi, nami sikukulaumuni. Mwanzo wa karne iliyopita pikipiki ilikuwa kitu cha kutisha. Ina moshi, ina kelele, inamrusha mtu mtaroni, na wenye viwanda wakaona hakuna mwenye akili atakayeinunua akiiona kama ilivyo, wakaenda kwa wachoraji. Wafaransa wakamweka juu yake mwanamke nguo nyeupe, nywele zinapepea, tone la oili hana. Wataliani wakachora mbio tupu, mtu na chombo wamelala upande mmoja. Waingereza wakachora bwana mwenye tai na kiko, mkewe kwenye kigari cha pembeni amepakata kikapu cha chakula, na jua linawaka, jua, Uingereza! Yalichapwa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, karatasi ikapita mara tano, mara sita, na ikihama unywele mmoja tu, bwana mwenye kiko anatoka na pua mbili. Ndiyo maana ukiweka kioo cha kukuzia juu ya bango la kale huoni vidoto vilivyopangwa kama vya gazetini, unaona rangi imelala kama chai iliyomwagika kitambaani. Ukiona vidoto, mrudishie mwenyewe, ni nakala ya juzi. Kisha ikaja picha ya kamera, akaja Mjapani na bei zake, viwanda vya hapa vikafa kimoja kimoja, na mabango yakabaki nyuma ya makabati, mpaka wale waliokuwa watoto zama zile wakapata nyumba na kuta tupu, wakaanza kuyatafuta.

Katika mabango yote hayo hakuna mzee, hakuna mvua, na hakuna anayeanguka. Mimi nilianguka. Mwaka tisini na moja, nikipeleka barua za mawakili kwa pikipiki, mvua inanyesha, nikateleza Edgware Road mbele ya mkahawa wa Waarabu, bahasha zikatapakaa njia nzima. Wazee waliokuwa wakivuta shisha wakainuka wote. Nilidhani wananiinua. Mmoja akaniinamia, akanitazama usoni, akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Huyu si mtoto wa Soud wa Malindi?" Mwenzake akasema, "Hapana, Soud alikuwa na watoto wazuri." Wakabishana ukoo wangu mpaka gari la wagonjwa likafika. Goti halikupona, kazi ikaisha, na mzee Albert, Mwingereza niliyekuwa nikimpelekea vifurushi, akanipa nusu ya meza yake sokoni na kunifundisha kuuza mabango. Kila nilichokijua katika kazi hii alinifundisha yeye, kizuri na kibaya.

Kibaya chenyewe ni hiki. Mabango yaliyopelekwa ng'ambo yaliachwa ukanda mtupu chini, ili wakala wa huko, awe wa Rangoon au wa Mombasa, achapishe jina la duka lake. Albert aliuita ukanda ule mkia. Wanunuzi wa hapa, alisema, wanataka picha, hawataki jina la duka wasiloweza kulitamka. Kata mkia, bango linakaa vizuri kwenye fremu. Nikakata. Nilikata mikia mingi, wanangu, kwa mkasi huu huu anaoutumia mama yenu kukatia bamia.

Mwezi wa Februari, mwaka tisini na sita, katika maonyesho ya ukumbi mmoja kaskazini ya London, rafu yangu ilianguka ikaniponda kidole, nami nikatoa tusi moja la Darajani kwetu Unguja, refu, la kumtaja mama wa rafu na bibi yake. Nyuma yangu mtu akacheka mpaka akashika meza. Bhanu, huyu huyu ami yenu Bhanu wa Queensbury, mwenye duka la magazeti, anayekuja kila Jumapili na kikapu. Akaniambia, "Ndugu yangu, miaka thelathini na mbili sijalisikia tusi hilo lote zima. Watu hapa hulifupisha." Tukakumbatiana kama wendawazimu, hatujui hata majina.

Wiki ya pili akaniletea bango. Baba yake, Mzee Vallabh, aliuza baiskeli na pikipiki Darajani, na mwaka sitini na nne, mwaka wa mapinduzi, walipoondoka, waliondoka na walichoweza kukificha; leseni, picha za harusi, vitabu vya duka, vyote viliachwa. Mzee Vallabh alilishona bango ndani ya godoro. Pikipiki nyekundu, barabara nyeupe, bwana mwenye kofia ya helmeti, na nyuma yake mnazi uliochorwa na mtu asiyewahi kuuona mnazi, maana aliutia matawi. Bhanu aliniambia baba yake alikuwa akiwaonesha wateja ule mnazi kabla ya kuwaonesha pikipiki, wakicheka wananunua. Mzee yule alikufa msimu wa baridi wa kwanza aliofika nchi hii. Sasa karatasi ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo na Bhanu alitaka niibandike kwenye kitambaa isije ikamalizikia mikononi mwake. Nikataka kumwandikia risiti. Akanizuia mkono. "Hafidh, mimi na wewe risiti ya nini? Itunze tu."

Nililiosha bango lile siku tatu. Nilipika gundi ya unga wa ngano, jikoni kwa mama yenu, akanigombeza. Chini kulikuwa na utepe mpana wa kahawia, umeganda, umechafuka, na chini ya utepe ule kulikuwa na ukanda. Sikuubandua kuutazama. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Nilitaka kumpa kitu kizuri kwenye fremu, nimshangaze. Nikakata mkia, nikautupa na takataka, na lori la takataka likapita asubuhi kama kawaida yake.

Alhamisi Bhanu akapiga simu. Akauliza utepe umebanduka vizuri? Maana chini yake, anasema, ndipo lilipochapwa jina la baba, kwa Kiingereza, kwa Kigujarati, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na ndipo pahala pekee duniani jina la baba yake lilipobaki limechapwa. Yeye ndiye aliyeweka ule utepe, ili jina lisichafuke.

Nikamwambia bado, nafanya taratibu.

Mnanitazama kama niliyekwisha kusema. Sijesha. Yaliyopita mpaka hapo ni makosa ya fundi mwenye haraka, na kama ningempigia siku ile, angenitukana siku mbili na ya tatu angekuja kula. Lakini nilirudi chumba cha nyuma, nikalitazama lile bango, limesafishika, rangi imewaka, na nikajua kwamba bila ya ule ukanda hakuna mtu duniani anayeweza kusema lilikuwa la nani. Nakwambieni kweli, wanangu, maana sina tena muda wa kujipamba: hofu ilipungua na raha ikaingia. Nililitaka. Nilikuwa nimelitaka tangu lilipofunguliwa mezani. Mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka kwa baridi kwenye stoo yangu ya uani wiki ile, vitu vichache vikaharibika kweli, nami nikachukua ukweli ule mdogo nikaujengea uongo mkubwa. Nikamwambia bango limelowa, limekwisha, halikubakia hata kipande.

Akasema, "Haidhuru, Hafidh. Karatasi. Wewe mwenyewe hukuumwa na baridi?" Na kesho yake, jamani, akaja kutoka Queensbury mpaka huku, treni tatu, amebeba hita ya umeme kutoka dukani kwake, ili stoo yangu ikauke na mabango mengine yasiharibike. Nikamshukuru. Nikamtilia chai. Bango la baba yake lilikuwa limelala chini ya kitanda hiki, na yeye alikaa juu yake akinisimulia habari za mwanawe.

Miaka saba, kila Jumapili. Kikapuni vitafunio vya Kigujarati: chevda, dhokla, embe la kuchovya. Kila akiingia nasema leo nitamwambia, akitoka nasema Jumapili ijayo. Nimesimulia vichekesho vingi katika miaka hii saba kuliko umri wangu wote uliopita, kwa sababu nikinyamaza tu naogopa ataniuliza kitu. Mnasema baba yenu ana uchangamfu. Baba yenu alikuwa anaziba mlango kwa mgongo.

Na Jumatano yule bwana wa mnada akasema, na wewe Soud ukarudia kwa furaha, kwamba hajapata kuliona jingine kama lile, na kwamba ni hasara tu mtu mmoja mjinga aliukata ukanda wa wakala, ungetuambia liliishi wapi. Ulicheka. Nikacheka na mimi. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza, si moyo.

Ndiyo, Soud, nimekusikia, unanijibu Kiingereza lakini nafahamu. Unasema bango hilo peke yake lina thamani kuliko yale sitini, na mama ataishi vipi nyumba hii, na Bhanu mwenyewe ameshasahau. Mwanangu, sikugombi. Nilikupa jina la baba yangu, na hesabu zako ni za mtu anayemfikiria mama yake. Lakini unanihesabia kitu kisichokuwemo. Mali ya mtu haigawiki kwa sababu warithi wana haja. Mkilitia kwenye mirathi, fungu la mama yenu litakuwa na wizi wangu ndani, na lako, na la dada yako, na mimi nitakuwa sipo kuutoa. Niondoleeni. Mama yenu ameshasema yake, jana nilipomwambia yote haya akaniambia, "Nitakula dengu, Hafidh. Nilikuwa nakula dengu kabla sijakujua."

Nilikuwa nimepanga vyengine. Niliandika barua, nzuri, ina msamaha na ina aya, nikataka mumpelekee pamoja na bango baada ya arubaini yangu. Mama yenu aliisoma. Akaikunja. Akasema, "Na yeye atafanya nini zaidi ya kukusamehe? Maiti hagombwi. Unataka kumpa mtu bango lililokatwa na kumziba mdomo siku hiyo hiyo." Hivi ndivyo anavyosema mama yenu, na mnashangaa kwa nini nilikuwa nakwenda safari nyingi.

Kwa hivyo ni leo. Anakuja saa tisa kama kawaida yake. Nishikilieni glasi ya maji, Miska... basi, inatosha.

Yashikeni haya. Akiingia, msimwambie nina hali mbaya, asije akanihurumia kabla ya kunisikia. Msimpe chai. Mtu akishakunywa chai ya nyumba huona haya kugomba ndani yake, na Bhanu ana haya kuliko sisi sote. Kikapu chake msimpokee mpaka nimeshasema. Akitaka kuondoka nacho, aondoke nacho. Akipaza sauti, mwacheni, hata majirani wakigonga ukuta. Akinitukana, na matusi anayajua, asijibiwe na mtu. Na akisema haidhuru... ndilo ninaloliogopa zaidi, wanangu, akisema haidhuru upesi upesi kama siku ile, basi wewe Soud ulifungue bango mbele yake, umuoneshe chini, pale mkasi wangu ulipopita. Aone. Kisha aseme analotaka.

Akiondoka bila ya kunipa mkono, Miska utamfuata mpaka stesheni umbebee bango, na usiniombee. Usiseme hata neno moja kwa ajili yangu. Mpandishe treni, umwambie kwaheri ami, urudi.

Na kesho mpigie yule bwana mapema, kabla hajaja, Soud. Sitini. Mwambie mwenyewe wa lile jingine amepatikana.

Nilitaka kusema mengi... nilikuwa na nasaha, nilizipanga vizuri... zimenitoka. Pendaneni. Msichukue kitu cha mtu anayekuaminini bila ya risiti; mwenye risiti atajitetea mwenyewe. Mama yenu mpelekeni Unguja akaone ndugu zake kabla magoti yake hayajawa kama langu. Miska, ile pikipiki, tazama kabureta kwanza. Mungu akuwekeeni baraka katika vilivyo vyenu, vichache au vingi, akupeni macho ya kujua visivyo vyenu. Akulindeni na mvua za nchi hii. Nimekuridhieni nyote wawili, ridhaa ya mzazi, haina sharti... Soud, hata ukinikasirikia. Nimekuridhia.

Kengele hiyo.

Sheikha, acha sufuria. Soud, nenda wewe, baba, lichukue bango chini ya kitanda kwanza... hilo, la mwisho, lenye kitambaa cheupe. Miska, niinue. Nitie mto mgongoni, na mwengine. Zaidi. Nikaze, usiogope, sivunjiki. Nataka anikute nimekaa.